Digrii ya miaka miwili ya haki jinai: hesabu yangu ya Minnesota

Mkenya akifika Minnesota, kabla hajajua hata basi la kumpeleka dukani, atakuwa ameshaambiwa asome unesi. Atachorewa njia yote: chukua cheti cha CNA, yaani msaidizi wa nesi, ingia kwenye zile nyumba za kulea watu wenye ulemavu, ukipata upenyo soma LPN, unesi wa ngazi ya kwanza, halafu RN, unesi kamili, halafu nunua nyumba Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis. Na njia hiyo si ya uongo. Imejenga nyumba Brooklyn Park, na nyingine nyingi zaidi Kisii, Kitengela na kwetu Voi. Mke wangu aliifuata, na ndiyo iliyotulisha wakati mimi nasoma kitu ambacho kanisani kwetu hakuna aliyekielewa: haki jinai, digrii ya miaka miwili, kwenye chuo cha jamii.

"Haki jinai ndiyo nini? Unataka kuwa askari?" Mzee mmoja wa chama chetu aliniuliza hivyo tukiwa tunakula pilau, na kabla sijafungua mdomo akajijibu: "Huku wanaua watu, kule kwetu wanakula hongo. Wewe tafuta kazi." Ilikuwa 2021. Mwaka uliotangulia, tarehe 25 Mei, George Floyd alikuwa ameuawa chini ya goti la polisi pale barabara ya 38 inapokutana na Chicago Avenue, na Aprili 2021 Derek Chauvin, yule polisi, alikuwa ametiwa hatiani. Lake Street bado ilikuwa na viwanja vitupu palipokuwa na maduka, na madirisha yaliyopigiwa mbao. Kumwambia mtu Mweusi wa Minneapolis kwamba unasomea mambo ya polisi na magereza ilikuwa kama kumtukania mama.

Mama yangu mwenyewe, kwa simu kutoka Voi, hakuwa na shida na Amerika. Shida yake ilikuwa kumbukumbu. Aliniona mwaka niliojaribu kuajiriwa polisi nyumbani: foleni uwanjani tangu alfajiri, tukakimbizwa, tukavuliwa mashati, tukakaguliwa meno kama ng'ombe wa mnada, nikarudi mchana. "Mwanangu, bado tu?" aliniuliza. Nikamwambia mama, safari hii sikimbii, nasoma.

Siku hizi vijana wa jamii yetu, na wengine ambao si vijana tena, wananiuliza kama digrii hii inalipa. Huwa wanataka jibu la ndiyo au la, nami huwachosha kwa maswali. Ndiyo maana nimeona bora niiandike hesabu yenyewe jinsi ilivyokuwa.

Kabla sijajiandikisha, mke wangu alichukua bahasha ya bili ya umeme, akaigeuza, akapiga mstari katikati. Kushoto gharama, kulia mapato. Mimi nikaanza na karo. Vyuo vya jamii vya serikali hapa vilikuwa vinatoza kama dola 200 kwa krediti, na digrii yenyewe ni krediti 60. Kwa hiyo dola 12,000 hivi kabla ya msaada wowote. Nikaongeza vitabu, nikaongeza petroli, nikaweka kalamu chini.

"Na shifti?" akaniuliza.

Wakati huo nilikuwa nafanya usiku kwenye nyumba ya walemavu kwa dola 19 kwa saa. Sheria ya shirikisho inasema ukivuka saa 40 kwa wiki unalipwa mara moja na nusu, yaani dola 28.50 kwa kila saa ya ziada, na mimi nilikuwa navuka kila wiki kwa shifti mbili za saa nane. Zile shifti mbili ndizo zilizokuwa karo ya wadogo zangu, ndizo zilizokuwa paa la nyumba ya mama. Nikitaka kusoma na bado niwaone wanangu, hizo ndizo za kukata. Akapiga hesabu pale pale: saa 16 kwa dola 28.50 ni dola 456 kwa wiki. Muhula wa wiki 16 ni dola 7,296. Mihula minne ni dola 29,184. Akaiandika kubwa, akaizungushia duara.

Karo elfu 12, shifti elfu 29. Najua, hapo kodi haijatolewa, na ukiitoa inashuka. Lakini haishuki hadi ikawa ndogo kuliko karo. Watu wetu wakizungumza juu ya gharama ya chuo huzungumza juu ya karo, kwa sababu karo ndiyo inayokuja na barua. Ovataimu usiyoifanya haikuletei barua. Kwa mtu mzima mwenye familia na watu wanaomtegemea nyumbani, hiyo ndiyo gharama yenyewe, na karo ni nyongeza yake.

Kwa upande wa karo, isitoshe, kuna msaada ambao wengi wetu wanaukimbia bila sababu. Fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho, wanadhani ni ya mkopo. Mkopo upo, lakini ni hiari. Kabla yake kuna Pell, fedha za serikali ya shirikisho ambazo hazirudishwi. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuomba kama raia. Kwa mwaka wa masomo 2024–25 kiwango cha juu cha Pell kilikuwa dola 7,395, ambacho kinazidi karo ya mwaka mzima ya chuo cha jamii cha kawaida. Sisi hatukupata kiwango hicho kwa sababu mshahara wa nesi ulikuwa unahesabiwa, lakini tulipata sehemu, na jimbo nalo likaongeza chake. Kilichotoka mfukoni mwetu kwa miaka yote miwili hakikuzidi sana dola 7,000, na mkopo sikuchukua. Anayeanza leo ana bahati kuliko mimi: tangu muhula wa vuli wa 2024 Minnesota ina mpango wa North Star Promise, ambao kwa familia yenye mapato chini ya dola 80,000 kwa mwaka hulipa karo yote iliyobaki baada ya misaada mingine, mradi chuo ni cha umma. Kwa hiyo mstari wa karo unaweza kuwa sifuri kabisa. Mstari wa shifti uko pale pale.

Upande wa mapato ndiko watu wanakopotea.

Ukitafuta mshahara wa haki jinai utapewa takwimu za idara ya takwimu za kazi ya Marekani, na ni za kweli. Mei 2024, mshahara wa katikati wa polisi na wapelelezi nchini kote ulikuwa kama dola 77,000 kwa mwaka. Maafisa wa probesheni, wanaowasimamia waliohukumiwa wakiwa nje ya jela, kama 64,500. Maafisa wa magereza na walinzi wa mahakama kama 58,000. Wa katikati maana yake nusu yao wanapata zaidi ya hapo na nusu wanapata chini. Mtu akiona hayo, akilinganisha na dola 39,520 ambazo ndizo dola 19 kwa saa kwa mwaka bila ovataimu, anasema mara moja: inalipa. Mimi nilikaribia kusema hivyo. Lakini takwimu zile zinahesabu kazi, hazihesabu digrii. Hazikuambii nani aliingia kwenye kazi ile kwa digrii ya miaka miwili, nani kwa ya minne, na nani kwa cheti cha sekondari peke yake. Hayo unayapata kwenye tangazo la kazi, pale chini, kwenye sifa za mwombaji. Nikaanza kusoma matangazo.

Polisi kwanza. Majimbo mengi Marekani yanatosheka na cheti cha sekondari pamoja na mafunzo ya polisi. Jirani zetu Wisconsin wanakuajiri na kukupa miaka mitano ya kutimiza krediti 60. Minnesota haiko hivyo. Hapa bodi ya POST, ambayo ndiyo inayotoa leseni za polisi, inataka uwe na digrii, angalau ya miaka miwili, kutoka chuo chenye ithibati inayotambulika, na uwe umepita programu ya elimu ya polisi iliyoidhinishwa na bodi yenyewe. Baada ya hapo ndipo unafanya mtihani wa bodi. Kwa anayetaka polisi wa Minnesota, basi, digrii ya miaka miwili si pambo, bila hiyo hupiti.

Ila si digrii yoyote yenye neno jinai. Hapa ndipo watu waliumia. Chuo kimoja kinaweza kuwa na kozi mbili zinazofanana kwa jina kama mapacha: moja ya utekelezaji wa sheria, iliyoidhinishwa na POST, ina mafunzo ya silaha, gari na kukamata mtu; nyingine ya haki jinai kwa jumla, nzuri kabisa, lakini haikufikishi kwenye ule mtihani. Na kuna vyuo vya kibiashara, yaani vya binafsi vinavyotafuta faida, vilivyolitumia giza hilo. Mwaka 2014 aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Minnesota, Lori Swanson, aliishtaki Globe University pamoja na mwenzake Minnesota School of Business, na mwaka 2016 jaji wa Kaunti ya Hennepin akaamua kwamba viliwahadaa wanafunzi wa haki jinai kwa kuwaaminisha kuwa masomo yale yangewafikisha kwenye upolisi au probesheni. Vyuo vyenyewe vikafungwa. Mwalimu wetu wa muhula wa kwanza alitusimulia kesi hiyo kabla hata hajagawa ratiba ya somo, na nikaona wanafunzi wawili mbele yangu wakatoa simu kuangalia kama kozi yetu iko kwenye orodha ya bodi. Kozi niliyokuwa nimeichagua mimi haikuwa, na nililijua hilo tangu mwanzo. Umri wangu ulikuwa umevuka arobaini na sikutaka bastola kiunoni.

Nilichokitaka ni probesheni. Kukaa na mtu aliyetoka jela, kumfuatilia, kumsaidia asirudi. Miaka yangu ya kulea watu wazima wenye hasira na dawa zao ilinifundisha kazi hiyo nusu yake. Lakini matangazo ya probesheni yalikuwa yanasema neno moja, kaunti baada ya kaunti: digrii ya miaka minne. Ile ya miaka miwili haikutajwa hata kwa huruma.

Ikabaki magereza ya jimbo, wanakofungwa waliohukumiwa muda mrefu, na jela za kaunti, wanakowekwa hasa wanaosubiri kesi. Hapo tangazo la gereza la jimbo lilikuwa na habari njema na mbaya kwa pamoja: chuo hakidaiwi kabisa. Unaajiriwa kwanza, halafu unapelekwa mafunzo ukiwa unalipwa. Jela za kaunti nazo, nyingi zake, hivyo hivyo.

Basi nikamaliza digrii 2023, na mwisho wa mwaka huo nikaajiriwa kwenye jela ya kaunti moja hapa, dola 28 kwa saa. Kwa mwaka ni dola 58,240, yaani dola 18,720 zaidi ya ule mshahara wa zamani. Ukitaka kujifurahisha, unachukua gharama yote, shifti na karo, unaigawa kwa hiyo nyongeza, unapata kwamba ndani ya miaka miwili fedha imerudi. Rafiki zangu wengi huipiga hivyo. Siku ya kwanza ya mafunzo nilikaa na kijana wa miaka 22 kutoka mji mdogo wa kaskazini, shati lake bado lina mikunjo ya dukani. Alikuwa amemaliza sekondari, akafanya kazi ya kubeba mizigo ghalani, akaomba kazi. Tukalinganisha barua zetu za ajira wakati wa chakula. Dola 28 kwa saa, na yeye dola 28 kwa saa.

Kwa hiyo ile nyongeza ya dola 18,720 haikuletwa na digrii. Ililetwa na kuhama kazi, na kuhama ningeweza kuhama 2021 bila kukata shifti hata moja. Hesabu ya haki ya digrii ni kulinganisha kazi unayoipata ukiwa nayo na kazi ambayo ungeipata bila hiyo, si na kazi uliyoiacha. Sijuti, na nitaeleza kwa nini, lakini sitamwambia mtoto wa mwenzangu kwamba digrii ilinipandisha mshahara siku ile ya kwanza, kwa sababu haikunipandisha.

Kuna jambo jingine la Minnesota linalochekesha kidogo. Baada ya 2020 askari waliacha kazi kwa mamia Minneapolis peke yake, na idara zikaanza kubembeleza. Mkataba wa polisi wa Minneapolis uliopitishwa na baraza la jiji Julai 2024 uliwapandishia mishahara kwa 21.7 kwa mia katika miaka mitatu. Na mwaka 2023 jimbo likatenga fedha za mpango wa kuwachukua watu wenye digrii za fani nyingine, yeyote aliyesoma biashara, ualimu, saikolojia, likawalipia mafunzo ya polisi huku idara zikiwalipa mshahara. Angalia basi: aliyesoma kitu kingine analipwa ili afundishwe upolisi, na aliyesoma haki jinai isiyoidhinishwa huku akijilipia anakaa nje akisubiri. Binti wa rafiki yetu alipokuja kuniuliza, ana miaka 19 na anautaka upolisi kwa moyo wote, sikumpeleka kwenye ofisi ya usajili ya chuo. Nilimpeleka kwenye ukurasa wa ajira wa jiji la Minneapolis, kwenye nafasi zile za maafisa wa huduma za jamii, ambao hufanya kazi za muda katika idara ya polisi bila silaha huku jiji likiwalipia masomo ya polisi. Mama yake hakufurahi. Alikuwa na matumaini nitamgeuza awe nesi.

Na kwa fedha tu, tuseme ukweli, mama yake yuko sahihi. Unesi wa RN nao unaweza kuusoma kwa digrii ya miaka miwili, kwenye chuo kile kile, kwa krediti zinazokaribiana, na mshahara wake wa katikati Mei 2024 ulikuwa dola 93,600. Katika kazi za haki jinai nilizozitaja hapo juu hakuna inayoufikia huo kwa nchi nzima. Anayetafuta dola asinifuate mimi. Lakini unesi una mitihani ya kuingia, una foleni, una sayansi ambayo si kila mtu anaipenda, na kuna watu kama mimi ambao baada ya miaka ya kuogesha na kubadilisha watu wanataka kufanya kitu kingine kabla hawajazeeka.

Kitu kimoja ambacho bahasha haikukionyesha ni marupurupu. Kwenye nyumba za walemavu bima ya familia ilikuwa ya kumeza karibu mshahara wa wiki nzima. Kaunti inalipa sehemu kubwa. Halafu kuna malipo ya uzeeni ya PERA, mfuko wa wafanyakazi wa umma wa Minnesota. Polisi na wazimamoto wana fungu lao: kila mwaka wa kazi unakupa asilimia 3 ya wastani wa mishahara ya miaka yako mitano mikubwa, kwa hiyo mwenye miaka 25 anastaafu na asilimia 75 kila mwezi hadi kufa. Sisi wa jela tuna fungu jingine, dogo kuliko hilo, lakini lipo. Kwa mtu aliyefika nchi hii akiwa mkubwa, asiye na akiba, hilo lina uzito kuliko dola mbili tatu za mshahara. Najua manesi wenye pesa nyingi kuliko mimi ambao hawajui watakula nini wakifika 70.

Upande wa pili wa ajira ya umma ni kwamba inakuchungulia hadi uvunguni. Mpelelezi wa kaunti alitaka anwani zote nilizowahi kukaa, faini zote za barabarani, deni zote. Akafungua taarifa zangu za benki, akauliza kwa nini kila mwezi natuma pesa Kenya kwa majina tofauti tofauti. Nikamweleza: huyu ni mama, huyu ni karo ya mdogo wangu, huyu ni binamu anayesimamia ujenzi, huyu ni mchango wa mazishi. Akaandika, akauliza, "Mazishi ya nani?" Nikamwambia ya jirani wa mama. Alinitazama kwa muda. Nilipita. Lakini namjua kijana wetu aliyesoma digrii nzima ya polisi akiwa na kesi ya zamani ya kumpiga mtu, ambayo aliikiri ili yaishe, na hakuna wakili aliyemwambia kwamba hatia ya aina hiyo inamfungia leseni ya Minnesota. Chuo kilimsajili, kwa sababu chuo hakiulizi. Mwenye doa lolote aanze na bodi ya POST au na mwajiri, karo baadaye.

Na kazi ya serikali nayo si mwamba. Wenzangu wawili darasani walikuwa wanalenga gereza la Stillwater, lile kubwa la zamani pale Bayport, lililofunguliwa 1914. Lina mshahara mzuri, liko dakika chache kutoka walikokuwa wanakaa. Mei 2025 jimbo likatangaza kwamba litafungwa kidogo kidogo hadi 2029. Mmoja wao tayari alikuwa amenunua nyumba karibu nalo.

Sasa, digrii ilinipa nini? Nitasema kwanza jambo ambalo halina bei. Kwenye jela sheria ya Minnesota inataka tumwone kila mfungwa angalau kila baada ya dakika 30, yuko hai, anapumua. Usiku mzima unazunguka na tochi, unaangalia mablanketi yanavyopanda na kushuka. Usiku mmoja wakaleta kijana wa Kikongo, ametetemeka, hajibu Kiingereza, maafisa wanadhani ni kiburi. Nikamsalimia kwa Kiswahili. Akaanza kumwaga maneno, Kiswahili cha Bukavu, haraka haraka, akitaka kunieleza tangu mwanzo walichogombana na nani akampiga nani. Nikamkatiza. "Ndugu yangu, nyamaza. Habari ya kesi yako usinieleze mimi, usimweleze mtu humu ndani. Kesho utapewa wakili, hata kama huna pesa. Yeye ndiye wa kumweleza." Nilimwambia hivyo kwa sababu nilikuwa nimesoma kesi za Gideon dhidi ya Wainwright ya 1963, ya haki ya kupewa wakili, na Miranda ya 1966, ya haki ya kunyamaza, nikaandika insha juu yake, nikapewa alama ya B kwa sababu ya koma. Kijana wa miaka 22 aliyeajiriwa nami siku moja hakusoma hayo. Ni mlinzi mzuri, lakini yeye angemsikiliza hadi mwisho na kuandika kila kitu kwenye ripoti.

Ripoti zenyewe ni jambo la pili. Somo la uandishi wa ripoti nililidharau, nikalichukua kwa kuwa ni la lazima. Leo ndilo linalonitofautisha. Msimamizi akitaka tukio lenye utata liandikwe ananiita, na mwaka huu nafasi ya sajini ilipotangazwa, tangazo lilisema krediti za chuo zitahesabiwa. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza niliiona digrii kwenye karatasi ya mwajiri wangu.

La tatu ndilo kubwa: krediti zangu 60 hazikufa. Metro State pale Saint Paul ni chuo kikuu cha umma katika mfumo mmoja na vyuo vya jamii, ukihamisha digrii ya miaka miwili unaanza mwaka wa tatu. Nusu ya njia ya probesheni nilikuwa nimeshaitembea kwa bei ya chuo cha jamii. Kama ningechukua kozi ya miezi michache ya cheti, au chuo cha kibiashara ambacho krediti zake hazihami, ningeanzia sifuri. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo thamani ya kweli ya haki jinai ya miaka miwili kwa asiyetaka upolisi: ni malipo ya awali ya digrii ya miaka minne. Asiye na nia ya kuendelea, na anayetaka jela au gereza tu, aombe kazi kesho, alipwe, halafu asome kwa hela za mwajiri.

Mimi ndivyo ninavyofanya sasa. Nachukua somo moja kwa muhula, kwa mtandao, na kaunti hunirudishia sehemu ya karo nikifaulu. Shifti sijakata hata moja, ingawa ovataimu ya lazima tunayoamrishwa kwa uhaba wa watu inanikuta na kitabu mkononi. Kwa mwendo huu nitachukua miaka mingi kuliko vijana. Nikimaliza nitaomba probesheni, na nimeshaangalia: mshahara wa mwanzo wa afisa wa probesheni kwenye kaunti za hapa karibu unaweza kuwa mdogo kuliko ninaochukua jela mwaka wenye ovataimu nyingi. Nilimwonyesha mke wangu. Akauliza probesheni wanafanya kazi saa ngapi. Nikamwambia saa mbili asubuhi hadi kumi na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Akasema basi tutabana hizo dola, mradi baba watoto alale nyumbani usiku.